Karatasi za Rolande

Schaerbeek, Bruxelles
23 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba Abdul-Aziz,

Asalamu alaykum. Natumaini sukari yako imetulia, na dawa nilizompa mwanao Mustafa akuletee zilifika salama. Huku baridi imewahi mwaka huu, lakini mimi ni mzima. Mama naye ni mzima wa mwili. Hasemi nami tangu Jumatano, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, ungenibembeleza kama kawaida yako, na nisingesema kitu.

Unajua nilikuwa nikifanya kazi kwenye makumbusho ya maangamizi ya Wayahudi. Jumapili moja kila mwezi nilikuwa nikiwakutanisha wanawake wetu wa Burundi na Kongo na wanawake wazee wa Kiyahudi waliofichwa utotoni wakati wa Wanazi. Kila mtu huja na chakula chake, na anayetaka kusema husema. Hakuna kamera wala kinasa sauti. Ahadi ni kwamba yasemwayo mezani hayatoki mezani. Niliiandika mimi pamoja na mkuu wangu Émilie, ambaye nilikuwa nikimwita dada.

Mmoja wa wazee hao, Rolande, hasikii vizuri. Kwa hiyo nikitafsiri humwandikia kwa herufi kubwa, karatasi baada ya karatasi, na mwisho wa kikao tunazichana pamoja.

Mwezi wa tano Mama alisema. Miaka yote hiyo hakuwahi kutueleza alitokaje mtaani Bwiza, pale Bujumbura, siku za mauaji ya mwaka wa tisini na tano. Siku ile alimtazama Rolande peke yake, akaongea Kiswahili taratibu, nami nikaandika kwa Kifaransa. Niliandika kwamba alikimbia mchana, mtoto mgongoni. Kwamba alibisha kwa kaka yake, Abdul-Aziz, mtaani Buyenzi, akabisha sana, akaona pazia la dirishani likifunguka kidogo, kisha likarudi. Mjomba, mtoto yule nilikuwa mimi. Niliandika "mtoto" kwa sababu mkono haukukubali neno jingine.

Karatasi zile sikuzichana. Kosa hilo ni langu. Nilitaka kubaki na kitu ambacho Mama amekisema kweli, na nyumbani angekiona, basi nikampa Émilie azifungie kabatini kwake.

Jumatano palikuwa na karamu ya wafadhili karibu na uwanja wa Flagey, kuchangia vyumba vya wanafunzi wanaokuja makumbusho. Nilikuwa nimemwalika Mama, akakaa na Rolande. Baada ya supu alisimama mwigizaji akaanza kusoma. Sentensi ya kwanza niliijua, ilikuwa yangu. Jina la Mama walikuwa wamelibadilisha. Lako waliliacha.

Kifaransa cha Mama ni cha sokoni, lakini jina la kaka yake alilisikia. Rolande, aliyekwisha kuzisoma karatasi zile, alitambua upesi kama mimi. Alitoa kifaa chake cha kusikia akakiweka kwenye sahani ya Émilie.

"Haya tulipewa sisi," alimwambia. "Ninyi hamkupewa."

Akamshika Mama mkono, wakatoka.

Émilie alinifuata penye makoti. Alisema watu walilia, hakuna aliyedhurika, na hata mimi ningefanya vile kwa ajili ya wanafunzi. Aliongea kwa upole, mkono begani kwangu, na kwa muda nilikaribia kumwomba yeye radhi. Kesho yake nikaacha kazi.

Nilidhani Mama atamkasirikia Émilie. Usiku ule wa karamu, kwenye tramu, aliniambia: "Nilimwambia Rolande. Wewe sikukwambia. Wewe ulikuwa unaandika tu."

Sasa wewe, Mjomba. Kila Idi ulinitumia kitambaa cha gauni, na ulinipigia simu kila nilipofaulu mtihani. Nilijihesabu mtu mwenye baba wawili. Siku hizi navitazama vitambaa hivyo kimoja kimoja na kujiuliza ulikuwa unanipa nini.

Video ya karamu ile iko mtandaoni. Jana Mwanakombo, rafiki yake Mama wa mtaa wa Matonge hapa Bruxelles, alikuja nayo kwenye simu, akauliza kama Abdul-Aziz huyo ni wewe. Mama alimjibu kile alichotuambia sisi watoto siku zote, kwamba siku ile ulikuwa safarini Rumonge. Alisema huku akimmiminia chai, bila kunitazama.

Naamini uliogopa. Sihitaji unieleze mimi. Mpigie Mama, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikuwa ndani, ili apumzike kukusafirisha Rumonge.

Barua hii analeta Sylvestre, jirani yetu anayesafiri kuja huko, nimemwomba akupe mkononi. Nisalimie Mama Mustafa, na Aïcha mdogo, mwambie picha yake ya shule niliipenda. Mungu akulinde na maradhi, akufungue na ulimi.

Mpwa wako, ambaye bado anakupenda na hajui afanyeje,

Zuena