Kura ya Washington, Habari za Uvira

Jumatatu, 21 Oktoba 1996

Maktaba tena. Kiti kile kile karibu na bomba la joto. Sura ya nne haitaki kuisha. Nimefuta kurasa mbili, nimeandika moja, na hiyo moja nayo siipendi.

Mji huu wa Wabelgiji umechoka leo. Jana barabara zilijaa watu na maputo meupe, wakiandamana kwa ajili ya wale wasichana waliotekwa na kuuawa. Maman Riziki, mwenye nyumba wangu, alikwenda. Mimi nilibaki na Wamarekani wangu wa tasnifu.

Tasnifu inakabidhiwa mwisho wa mwezi. Utetezi katikati ya Novemba. Ufadhili unakwisha Desemba. Nikianguka, narudi Kigoma mikono mitupu. Naogopa.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeonana na Profesa Verlinden, msimamizi wangu. Amezipenda sura tatu za mwanzo: uchaguzi wa Marekani wa 1896, vyama viwili na ugomvi wao kama sarafu iwe ya dhahabu au ya fedha, wenye viwanda waliotaka masoko, vita na Mhispania kwa ajili ya Kuba, na jinsi vita vya Kuba vilivyofika mpaka Manila, Ufilipino.

Sura ya nne hakuipenda. Hiyo ni ya mjumbe wa Wafilipino. Wamarekani na Wahispania walipokaa Paris kuamua visiwa vyao vitakuwa vya nani, mjumbe huyo naye alikuwa Paris. Hakuingizwa. Kabla ya hapo rais wa Marekani alimpokea mara moja kama mgeni wa kawaida, si kama mjumbe. Akarudi Washington, akaandika barua. Kimya. Seneti ikajadili mkataba huo wa Paris milango imefungwa.

Profesa anasema hii ni tasnifu ya siasa za Marekani, na mjumbe si mwanasiasa wa Marekani. Niipunguze sura yote iwe tanbihi moja. Alisema kwa upole, akanimiminia na kahawa. Upole wake ndio ulionikasirisha. Alifundisha Kongo miaka mingi, enzi za ukoloni wao. Nadhani huko ndiko alikojifunza kukataa kwa sauti ya chini.

Ijumaa, 25 Oktoba

Siku mbaya.

Nimemkuta Maman Riziki amesimama jikoni na koti lake, redio sikioni. Vita vimefika Uvira. Mji umeshachukuliwa.

Ninapanga chumba kwake, mtaa huu wa Ixelles, mwaka wa pili sasa. Anafanya kazi Ganshoren, kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwalisha. Uvira, mashariki ya Kongo, ndiko kwao. Aliondoka miaka saba iliyopita, akamwacha binti yake Nyota kwa bibi. Nyota alikuwa na miaka saba. Kila mwaka karatasi za kumleta zilikuwa karibu kukamilika.

Amepiga simu kwao mpaka kadi ikaisha. Hailii hata kidogo.

"Editha, kwenu ni ng'ambo ya ziwa tu," akaniambia. "Batu banavuka. Uliza kaka yako."

Kweli. Kutoka Uvira wanaokimbia hupanda mitumbwi wakashukia kwetu. Nimempigia kaka yangu Gideoni, mwalimu huko Kigoma, kupitia simu ya parokia. Hakuwepo. Katibu amesema atamwita Jumapili alasiri, saa tisa ya huko, asubiri pale pale.

Jumapili, 27 Oktoba

Mjinga mimi. Usiku wa kuamkia leo saa za Ulaya zimerudishwa nyuma. Nilirudisha saa ya ukutani, nikajiona nimemaliza. Sikukumbuka kwamba Kigoma hawarudishi chochote. Tumepiga tumechelewa saa nzima, Gideoni ameshangoja na kuondoka, ofisi imefungwa.

Maman Riziki hakunilaumu. Amekwenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimempata Gideoni. Anasema watu wanashuka ufukweni kila siku, na magodoro, na kuku, na wazee migongoni. Wanapelekwa uwanja wa mpira, kisha malori yanawachukua kwenda kambini upande wa Kasulu. Atatafuta kila akitoka darasani. Nimempa majina: Nyota, miaka kumi na minne. Bibi yake, Nabintu, mrefu, ana mtoto wa jicho la kushoto.

Gideoni ameuliza kama Maman Riziki ana picha. Picha aliyo nayo yeye ni ya msichana wa miaka saba.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimemsindikiza kwenye ofisi moja mjini, kuuliza kama kuna njia ya kuwatafuta watu wa Uvira. Tulingoja kwenye benchi asubuhi nzima. Bwana aliyetupokea alikuwa na adabu. Alituuliza kama mtoto ana hati zozote za Ubelgiji. Hana. Basi, akasema, kwa sasa mtoto huyo hayumo mikononi mwao. Tukashukuru. Hata sijui tulishukuru nini.

Ndani ya basi Maman Riziki akauliza: "Ule professeur alikukatalia nini?"

Nikamweleza habari ya mjumbe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na batu ba kwao walijua kama hawakumufungulia mulango?"

Nikasema walijua baadaye.

Sura ya nne nimeiacha ilivyo. Sikuikata hata mstari. Nina hofu na nina hasira, na leo hasira imezidi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimekabidhi. Nakala tano, jalada la bluu. Profesa alifungua moja kwa moja sura ya nne, akaona kurasa zote zipo. "Utajibu mwenyewe," akasema.

Nitajibu.

Jumapili, 3 Novemba

Gideoni amewapata akina Nyota watatu. Wa kwanza ni mtu mzima. Wa pili ananyonya. Wa tatu ni wa miaka kumi na mitano, lakini mama yake yuko naye.

Ila amempata fundi cherehani wa mtaa ule ule wa Maman Riziki. Huyo anasema aliwaona bibi na msichana siku ya kwanza ya risasi. Walikuwa wanatembea kwa miguu kuelekea kusini, njia ya Fizi. Bibi alikuwa anachechemea.

Maman Riziki alifurahi. "Walitoka! Walitoka!" Akapika sombe, kisamvu cha kwao, kana kwamba tuna wageni. Mimi nilikula huku nikihesabu moyoni umbali wa kutoka Uvira mpaka Fizi.

Jumanne, 5 Novemba

Wamarekani wanapiga kura leo. Wanafunzi wenzangu wameazima televisheni, wananunua bia, wamenialika kwa sababu eti mimi ndiye mtaalamu. Nimekwenda kidogo nikaondoka. Wanabishana nani kavaa tai gani.

Nawaza kura nyingine. Kumi na nane tisini na tisa, Washington, Februari. Mkataba wa kuvichukua visiwa ulihitaji theluthi mbili ya kura. Ulipita kwa kura moja ya ziada. Siku mbili kabla yake risasi zilikuwa zimeanza kulia Manila. Na kiongozi wa wapinzani, aliyeshindwa urais mwaka wa 1896, ndiye aliyewaambia baadhi ya watu wake wakubali, akidhani ataimaliza hoja hiyo kwenye uchaguzi utakaofuata. Akagombea tena, akashindwa tena. Wote hao walikuwa wanapiga hesabu zao za nyumbani. Manila ilikuwa mbali.

Jumamosi, 9 Novemba

Sitaki kuandika lakini nisipoandika sitalala.

Gideoni amesema mtumbwi mmoja umepinduka wiki hii. Ameanza kwenda kuangalia na maiti kabla hawajazikwa. Aliniambia kwa sauti ya mwalimu, polepole, kama anayesoma imla. Akaniomba nisimwambie mwenye mtoto.

Sijamwambia. Nimemwambia kwamba Gideoni bado anatafuta. Ni kweli, si uongo. Lakini nimeshindwa kumtazama usoni.

Maman Riziki anapitia kanisa kubwa la Koekelberg kila akitoka kazini. Anasema anapiga magoti mpaka walinzi wanamjua. Leo nimetamani aache. Nimetamani pia aendelee.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikukuu. Maduka yamefungwa, mvua. Nimejaribu kujifanyia mtihani mbele ya kioo. Nimejiuliza swali, nimesahau jibu. Maman Riziki alikuwa kazini. Wazee hawana sikukuu.

Nimechoka na redio yake. Nimeandika, basi. Nimechoka na redio, nimechoka na Uvira, nimechoka na ziwa. Nataka mtu aniambie wamekufa au wamepona.

Jumatano, 13 Novemba

WAPO. Wapo wote wawili. Wazima.

Hawakufika uwanjani kabisa, ndiyo maana. Mtumbwi wao ulitua upande wa Katonga. Mama mmoja muuza dagaa akamwona bibi amekaa mchangani, miguu imevimba, hawezi kusimama. Akawachukua kwake. Wamekaa kwa mama huyo wakati wote huu, wakimsaidia kuanika dagaa, huku Gideoni anakagua malori.

Jumapili Gideoni alimwomba padre asome majina baada ya misa. Mama muuza dagaa akasimama katikati ya kanisa, akasema kwa sauti: "Hao wako nyumbani kwangu." Simu ya parokia ilikuwa mbovu mpaka leo asubuhi.

Nilimpigia Maman Riziki kazini, kitu ambacho hakiruhusiwi. Nilisikia simu ikianguka. Kisha mwanamke mwingine, Mbelgiji, akauliza kwa hofu nimemwambia nini. Nikamwambia kwa Kifaransa changu kibovu: habari njema, bibie, habari njema. Nyuma yake nilisikia kigelegele. Kisha wazee wawili watatu wakipiga makofi, bila kujua ni ya nini.

Nimelia ngazini, nimekaa karibu na masanduku ya barua, jirani amepita akanipa leso.

Alhamisi, 14 Novemba

Wameongea.

Gideoni aliwaleta parokiani, bibi juu ya baiskeli, akisukumwa. Safari hii nilihesabu saa mara tatu. Maman Riziki alivaa kitenge kipya na hereni, kama vile wataonana. Alishika simu kwa mikono miwili.

"Nyota? Ni miye. Ni maman."

Sauti nyembamba, niliisikia kutoka nilipokaa: "Maman gani?"

Maman Riziki akajibu kama anayejibu swali la kawaida. "Maman yako. Riziki. Ule alikwenda Bulaya."

"Ah," mtoto akasema. "Bon. Tulivuka. Sufuria tuliacha. Bibi miguu inamuuma."

"Na wewe? Unaumwa?"

"Hapana. Niko nakula dagaa kila siku."

Maman Riziki akacheka, na kicheko kikageuka kilio, kilio kirefu cha miaka saba. Bibi akanyang'anya simu huko Kigoma. Bibi huyo ana sauti, jamani.

"Riziki! Acha kulia! Hii simu ni ya Padre, usiilowanishe!"

Hapo tukacheka sote, huku na huko. Hata Gideoni nilimsikia.

Mwishoni mtoto alirudi. Akauliza jambo moja: "Unakuya lini?" Maman Riziki hakusema hivi karibuni. Hakusema Mungu akipenda. Alisema: "Sijue bado. Nitakuambia kila Alhamisi, kwa hii saa." Kwa hiyo kila Alhamisi atapiga. Padre amekubali.

Kesho utetezi. Sijasoma chochote leo. Sijali.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimefaulu.

Nimelala usingizi wa mtoto mchanga, nikaingia chumba cha utetezi bila woga. Watahini watatu. Mtahini wa nje, mama mfupi kutoka Antwerp, ndiye niliyeambiwa nimwogope. Aliniuliza: kama Seneti ingemsikiliza mjumbe, je, kura ile moja ya ziada isingepatikana?

Nikasema sijui. Nikasema hata waliofunga mlango hawakujua, na hilo ndilo naliona kuwa siasa: waliamua kutokujua. Kutomsikiliza mtu ni uamuzi kama kupiga kura, na una watu walioufanya, vyama vyao na sababu zao. Kwa hiyo sura ya nne ni siasa za Marekani. Nikasema na mwisho wake: usiku ule risasi zilipoanza Manila, mjumbe alipanda treni kwenda Kanada, akiogopa kukamatwa, na hakuna hata kikao kimoja kilichokuwa kimemwita.

Profesa Verlinden hakuinua kichwa. Alikuwa anaandika.

Walinitoa nje, wakanirudisha. Alama za juu kuliko nilivyoota. Masahihisho madogo ya marejeleo. Sura ya nne inabaki.

Kwenye ukumbi Profesa alinipa mkono. Akasema, "Nilipokuwa Bukavu, huko Kongo, watu walikuwa wakinisubiri barazani, asubuhi, na mimi..." Hakumaliza. Sikumsaidia kumaliza. Lakini mkono sikuuondoa haraka.

Nimepita barabara kuu ya mtaa wetu, Chaussée d'Ixelles, kwa miguu, mabasi yakinipita. Nimejisikia mwepesi. Nimenunua mikate miwili mitamu nikala yote njiani.

Jumamosi, 23 Novemba

Baridi kali, jua kidogo.

Padre mmoja anasafiri kwenda Kigoma wiki ijayo, amekubali kubeba kifurushi. Tumekwenda na Maman Riziki kununua viatu vya Nyota. Tulikaa dukani muda mrefu. Hajui mguu wa mtoto wake una ukubwa gani. Aliniomba nijaribu mimi, akabonyeza kidole gumba mbele ya kiatu, akatikisa kichwa. Akamtazama binti wa Kibelgiji aliyekuwa anajaribu viatu pembeni, mrefu kiasi, wa miaka kumi na minne hivi. Akamwuliza mama yake namba. Mama akamwambia, akitabasamu.

Amenunua jozi mbili, moja ndogo na moja kubwa.

"Moja itamutosha," akasema. "Ingine atakomea mu ndani, akikuwa mukubwa."

Sasa ziko mezani jikoni, amezitoa kwenye maboksi, amezipanga pamoja. Redio imezimwa. Anamenya viazi.