Doa Jeusi la Nyota Iliyolipuka

Kwako kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mgongo je, umepoa, au bado unainama kuchomelea mageti ya watu kutwa nzima kwa ubishi wako? Mimi afya ninayo. Upweke ndio umenizoea, siku hizi hata haubishi hodi.

Uliniuliza kwenye simu ni kitu gani hasa ninachokitazama mwaka wa tatu sasa. Katika kundi la nyota lililo jirani na letu kuna nyota ililipuka. Watu waliiona ikiwaka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kisha ikafifia. Kilichobaki ni wingu la chuma na majivu mengine, haling'ai hata kidogo. Tunalijua kwa sababu linaziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake, basi kwenye picha linaonekana kama doa jeusi. Kazi yangu ni kupima limetanuka kiasi gani. Darubini yenyewe iko huko juu angani. Mimi nashinda kwenye chumba kidogo mwisho wa korido, mbele ya kompyuta. Ijumaa wenzangu wakishaondoka, naweza kufika Jumatatu sijazungumza na mtu isipokuwa muuza duka, naye huniuliza tu kama nataka mfuko.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano wa kutangaza vipimo vyangu. Profesa wangu, mama mmoja mkali lakini mwenye utu, aliwaambia wageni kwamba nilitoka kumzika mama yangu na bado nikaimaliza kazi. Ukumbi mzima ukanipigia makofi. Nilitoka nikaenda kujifungia chooni.

Kaka, nilikwambia ofisi ilininyima ruhusa ya kuja kumzika mama. Ukawalaani mabosi wangu mbele ya ukoo, ukanitetea kwa baba mdogo aliyesema nimewasahau. Nilikudanganya. Ruhusa nilipewa siku ile ile, na tiketi profesa ndiye aliyenikatia. Nilifika uwanja wa ndege, nikakaa na begi mapajani. Jina langu lilipoitwa kwenye kipaza sauti, sikuinuka. Niliona nikifika nitakikuta kitanda chake kimetandikwa, na mama atakuwa amekufa kweli. Nikibaki, atakuwa tu hajapiga simu. Nikawa narudi ofisini usiku, wenzangu wakishaondoka, nafungua picha na kuendelea kupima, nao wakijua niko msibani.

Juzi nilimweleza profesa. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama nyumbani wanajua. Nikasema hapana. Akasema basi nimeanza na mtu asiyehusika.

Ndiyo maana nakuandikia. Safari hii nimekata tiketi mwenyewe. Nitafika tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Usipotaka kuja kunipokea nitaelewa, wala sitakulaumu. Ila mwombe wifi anipeleke kaburini, maana sijui hata mlimlaza upande gani.

Wape watoto salamu zangu, na baba mdogo pia. Ukiona inafaa, msomee barua hii yote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba