Mume Wetu Amekuwa Rula

Mke mwenzangu,

Chai iko kwenye chupa, viazi nimefunika. Kula kwanza, usipige gitaa na njaa. Gauni la dada yako la kuimbia bado halijapigwa pasi.

Mimi na babu yako tumekwenda kukutafutia kapo, kibanio kipya cha nyuzi. Asubuhi nilikusikia. Hicho kibanio chako ni kifupi na gitaa lako lina shingo pana, basi hakiufikii uzi mnene, unavuma ovyo. Babu yako naye akauliza, "Nani kamfungia nzi kwenye chupa?" Ukajifungia chumbani. Ungeweza kumwambia dada yako ashushe sauti, nyuzi zisihitaji kupandishwa, uachane na kapo. Hukumwambia. Hilo nimeliona.

~~Babu yako usimsemeshe leo.~~

Msamehe. Ulipokwenda kuoga alipima shingo ya gitaa kwa vidole vyake: vitatu na kipande. Kipande amekitia alama ya kalamu, na sasa hataki kunawa mkono. Uji nimemlisha kwa kijiko. Nikamwambia rula iko kwenye droo. Akasema, "Rula inamjua mjukuu wangu?"

Tutachagua kapo ndefu, yenye mdomo ulionyooka, maana shingo yenyewe ni bapa.

Mnaimba saa kumi, tutarudi kabla ya saa nane. Tukiikosa, mume wetu anasema atapanda jukwaani, achuchumae kando yako, akubanie nyuzi kwa kidole mpaka wimbo uishe. Suti ameshavaa.

Tuombee tuipate.

Bibi yako