Supu ya Utafiti Wangu

Baba Favour,

Uji wa mtoto uko kwenye chupa. Nguo ukianika, zibane, upepo wa ziwani leo ni mkali. Ile sufuria usiioshe, kaitupe. Sitaki kuikuta jikoni nikirudi.

Ule mfuko wa friza niliuandika SAMPULI kwa herufi kubwa. Natoka kuoga asubuhi, nakuta wewe na mdogo wako Okech mnakunywa supu ya sato wangu, pamoja na matumbo yao, mnalamba vidole! Nauliza, unanijibu eti sampuli si ndiyo ya kuonja?

Yaani uzamili ninaousomea wikiendi, baada ya kufundisha baiolojia wiki nzima, nyie mmeuchovyea chapati. Kinyaa kitupu.

~~Msimamizi wangu nitamwambia ukweli.~~ Nitamwambia umeme ulikatika, samaki wakaoza. Afadhali aibu hiyo. Nimeenda mwaloni kwa wavuvi kutafuta wengine.

Mezeni dawa niliyoweka kando ya chumvi, wote wawili. Utafiti wangu ni wa minyoo ya sato. Na zile tambi ulizozisifia, mimi sijawahi kutia tambi kwenye supu ya samaki.

Mama Favour