Mangi anataka mafagio ya kijani

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya kukuonea, hayanyeshi ukakimbia wala hayaachi ukauza. Niko Msimbazi, mafagio yangu chini ya nailoni, mimi nje ya nailoni. Ufagio ukilowa hauuziki. Mimi nikilowa nakauka.

Mwaka wa ngapi huu nauza mafagio ya nyasi? Sijui. Hesabu niliziacha shule, na shule yenyewe niliiacha mapema.

Leo Mangi kaniita. Huyu ana duka la jumla la vyombo hapo nyuma yangu. Anataka mafagio mengi ya kupeleka mikoani, na akanionyesha kibaraza chake. "Ukiniletea, unahamia hapa. Juu kuna bati. Bati unalijua wewe?"

Nikacheka, ila moyo uliruka.

Sharti ni moja, yawe ya kijani. Haya yangu aliyowahi kuyachukua, wateja wanamrudishia, eti yanadondosha mbegu, unafagia chumba unaacha shamba. Nyasi ikikatwa mbichi haijazaa bado, haidondoshi kitu. Na inapendeza. Kweli inapendeza, siwezi kubisha.

Nikampigia Mama Nyemo, ndiye anayenikatia huko vijijini Dodoma. Shikamoo, marahaba, mbuzi hawajambo, nikamwomba akate sasa hivi.

"Hazijakomaa, mwanangu."

"Ndiyo anazozitaka hizo, mama."

Akaanza kunieleza, salio langu likiisha taratibu. Yeye anasubiri nyasi iwe nyekundu, ikauke. Anakata juu juu, na kila mshiko anaupiga kwenye gogo palepale porini kabla hajaufunga, ili mbegu nyingi zibaki kwao. Ndege wanakula zao, zinazobaki zinaota mvua ikija. Vishina ni vya mbuzi kiangazi kizima, mizizi inashika udongo usiondoke na maji. Kijiji cha jirani walikata mbichi, wakauza vizuri sana. Mwaka uliofuata hakikuota kitu, upepo ukawa unafagia vumbi bure, na mbuzi wakahamia kwa wajomba.

"Mwambie huyo tajiri asubiri. Au tafuta mwingine akukatie, mimi sitanuna."

Hiyo "sitanuna" ndiyo imeniharibia siku. Maana huyo mwingine yupo, na namba yake ninayo.

Jioni nikaingia kwa Mangi nikamwambia hapana, bosi, tusubiri zikomae. Mdomo ulitangulia, akili ikafika baadaye inahema.

Wala hakukasirika. "Sawa, mdogo wangu. Basi na kibaraza nacho kisubiri." Sijamaliza kufunga mzigo, nikamwona anamwonyesha bati muuza ndoo.

Nimejaribu kuumia, haikuja vizuri.

Kabla sijaondoka nilikung'uta ufagio mmoja. Mbegu zikadondoka kweli, Mangi hakuongopa. Wakaja shomoro wakazimaliza hapo hapo kwenye lami yenye maji, hata ahsante hawana.

Sasa niko kitandani, shati limeanikwa mlangoni linadondosha matone. Nyasi hii imenilisha miaka yote hii sawa na mbuzi wa Mama Nyemo, na wenzangu hao angalau wameiona ikiwa porini. Mimi naijua ikiwa imefungwa mpira wa tairi tu.

Hivi kweli mtu mzima unaacha bati kwa ajili ya majani ambayo hujawahi hata kuyaona yamesimama?