Kapu la Mama, Nishani ya Bwana

Amahoro, mujukuu wangu Hamisi. Ni mimi bibi yako. Huku Rumonge tuko wazima, na dada yako Zaina amejifungua mutoto wa kike.

Umeandika kutoka Ubelgiji kwamba unakusanya nishani za maonyesho ya zamani ya Wazungu, ukauliza sisi tulishinda nini. Hatukushinda kitu!

Nilikuwa musichana, Wajerumani wakitawala. Mukubwa wao alifika kwetu Minago, akaona kapu mama alilomusukia dada yangu kwa arusi yake. Akasema analiazima, likaonyeshwe Ulaya. Mama akatia unga wa muhogo ndani, maana kwetu kapu haliendi tupu kwa watu, wala halirudi tupu. Yule bwana akaumwaga unga chini mbele yetu, akaenda na kapu.

Siku moja akapita tena, nishani iko kifuani. "Kapu limeshinda," akasema.

Mama akamuuliza, "Na lenyewe liko wapi?"

Akacheka. Alicheka, Hamisi! Dada akaolewa bila kapu.

Basi usiniletee picha za hizo nishani. Tafuta nyumba walimoliweka lile kapu, upige hodi, useme wenyewe bado wanalingoja, na lisirudi tupu.