Moyo Wangu na Mlima Loleza

Mbeya, msimu wa kuchimba viazi

Mama yangu mpenzi,

Kamwene, mama. Magoti yamepoa? Na joto la huko Idodi linakuacha ulale? Huku tunapumua, mtoto ananenepa, baridi ndiyo inatutafuna. Ila nakuandikia nikiwa na woga ambao sina mwingine wa kumwambia.

Nilikueleza kwamba tangu nijifungue, hata nikivuka ua tu pumzi inakatika. Elia, mume wangu, akanipeleka hospitali. Daktari alinisikiliza kifua, akasema moyo ni mzima, mwili ndio umelegea kwa kukaa ndani. "Panda mlima na mama mkwe wako anapokwenda shambani," akasema. "Polepole, lakini usiache."

Mama, nililia njia nzima. Nilimwona baba siku ile alipoanguka kwenye mwinuko wa kuingia Iringa mjini, mkono kifuani, asiinuke tena. Nikajua nami nitaanguka vilevile.

Shamba la mama mkwe liko juu, ubavuni mwa Loleza. Siku ya kwanza nilikaa chini hata nyumba za watu hazijaisha. Nikamwambia, "Mama, moyo unadunda mpaka masikioni. Nakufa."

"Hufi. Umekaa mno, ndiyo maana. Vuta pumzi, twende."

Tukaendelea hivyo, tukipanda na kupumzika. Miguu ikapata nguvu. Nikawa namaliza ugali wangu, nalala fofofo, hata maziwa ya mtoto yakaongezeka. Lakini woga haukutoka. Kila nikipanda nilishika kifua, nikingoja.

Juma lililopita tulimwacha mtoto kwa wifi, tukapanda. Ukungu ukatukuta njiani, mzito, huoni hata mkono wako. Nikasikia mawe yanaporomoka, mama mkwe akapiga yowe. Nilimkuta chini ya ukingo, mguu umepinda, hawezi kusimama. Mjini ni mbali. Watu wa karibu walikuwa juu, wachuma maua ya pareto.

"Nenda ukawaite," akasema.

"Peke yangu? Na nikianguka?"

"Ukianguka utainuka. Mimi siwezi. Nenda, mwanangu."

Nikaenda nikipapasa njia. Kitu kikakoroma vichakani, nikadhani chui. Nikakimbia, mama, nikakimbia kupanda mlima! Moyo ulipiga kama unataka kutoka. Nikangoja yale maumivu ya baba. Hayakuja. Nikaita mpaka sauti ikakauka, ndipo wachumaji wakaitikia. Walimteremsha mama mkwe kwa machela ya mianzi.

Mguu umefungwa, atapona. Lakini viazi vitaoza ardhini, na Elia yuko Uyole kwenye kazi ya barabara. Kesho kutwa napanda peke yangu.

Nina ombi. Nasikia umemkataza mdogo wangu Lusia kupanda vilima kutafuta kuni, kwa ajili ya yale yaliyompata baba. Mpeleke apimwe. Akiwa mzima, mwache apande, mama. Mimi kule kukaa ndani ndiko kulikokuwa kunanimaliza.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, na mjomba anayepiga kengele ya kanisa, na Lusia mwenyewe umwambie namkumbuka.

Bado naogopa nikifikiria kesho kutwa. Niombee ukungu usishuke.

Mimi mwanao,
Yudita